Katheta ya epidurali imekaa mahali pake? Ulinganisho wa vipimo kwa leba za Nyanda za Juu Kusini

Mama akishabandikwa katheta ya epidurali mgongoni, yaani mrija mwembamba wa kupitishia ganzi ya kupunguza uchungu wa kujifungua, kuna swali moja ambalo mtaalamu wa usingizi hana ruhusa ya kulijibu kwa kubahatisha: ncha ya katheta iko wapi? Inaweza kuwa kwenye nafasi ya epidurali, nje kidogo ya utando wa dura unaofunika uti wa mgongo, nasi ndiko tunakoitaka. Inaweza kuwa ndani ya mshipa wa damu, maana mishipa ya eneo hilo hutanuka wakati wa ujauzito. Inaweza kuwa imetoboa dura na kuingia kwenye maji ya uti wa mgongo. Au imejikunja kwenye misuli ya mgongo, na mama anaendelea kuumia huku dawa ikiisha.

Ninaandika kutoka Mbeya kwa wenzangu wa Iringa, Njombe, Songwe na kokote kwenye Nyanda za Juu ambako huduma hii ndiyo kwanza inaanza au inapangwa. Vifaa vyetu havilingani. Kuna mahali pana monita nzuri na ultrasaundi mpya, kuna mahali pana kipima oksijeni cha kidoleni na mikono ya mtu. Kwa hiyo sitauliza kipimo kipi ni bora duniani. Nitauliza kipimo kipi kinajibu swali gani, na ukiwa na hiki ukakosa kile, ushike kipi.

Jambo hili si dogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2004, uliopitia uzazi zaidi ya 19,000, uliona kwamba takriban asilimia 12 ya ganzi za mgongoni za uchungu hazikutoa nafuu ya kutosha mwanzoni au baadaye. Hiyo ni hospitali yenye wataalamu wa kazi hiyo usiku na mchana. Anayeanza hana sababu ya kutarajia kufanya vizuri zaidi yao, ila ana kila sababu ya kugundua mapema.

Kuna tofauti moja ambayo naona watu wengi wanairuka. Vipimo vingi tunavyovitegemea vinatuambia katheta haipo wapi: haipo kwenye damu, haipo kwenye maji ya mgongo. Vichache sana vinatuambia ipo pale inapotakiwa. Mtu anavuta sirinji, haoni damu wala maji, anaandika "katheta iko sawa". Hajathibitisha kuwa iko sawa. Amethibitisha kuwa haijakosea kwa namna mbili, na namna ya tatu ya kukosea bado ipo.

Hewa au maji kwenye sirinji

Hatua ya kwanza ni ile ya sindano yenyewe. Sindano ya Tuohy, ile nene ya kupitishia katheta, inapita kwenye kano za mgongo, sirinji inakataa kusukumwa. Ikivuka kano ya njano, sirinji inalegea ghafla, kama mlango uliokuwa unausukuma na mtu akafungua komeo kwa ndani. Njia hii ilielezwa na Wafaransa Sicard na Forestier mwaka 1921, na Dogliotti wa Italia akaieneza miaka ya 1930. Hadi leo ndiyo mlango wa kazi yote.

Ubishi ni kama sirinji ijazwe hewa au maji ya chumvi. Wa hewa wana hoja moja nzuri: ukitumia hewa, tone lolote la maji linalotoka kwenye sindano linakutia shaka mara moja, kwa sababu hukuweka maji. Wa maji wana hoja zaidi. Hewa inabonyea, kwa hiyo kidole kinaweza kudanganywa na nafasi ndogo katikati ya kano. Hewa nyingi inaweza kuacha sehemu za mishipa ya fahamu bila dawa, na dura ikitobolewa hewa hiyo inapanda hadi kichwani na kuleta maumivu makali ya kichwa papo hapo. Maji hayabonyei, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2014 hayakuona tofauti kubwa kati ya njia hizi, ingawa ushahidi uliokusanywa ulikuwa dhaifu. Mwenye mkono uliozoea hewa kwa miaka mingi simlazimishi kubadili, mradi asizidishe mililita mbili au tatu. Lakini anayejifunza leo ajifunze kwa maji.

Ile hoja ya watu wa hewa, kwamba maji ya sirinji yanachanganya na maji ya mgongo, huku kwetu ina dawa nyepesi. Asubuhi ya Julai pale Njombe au Makete, chupa ya maji ya chumvi iliyolala kwenye chumba ni baridi kweli. Maji ya uti wa mgongo yanatoka na joto la mwili. Tone likidondoka kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, juu ya glovu, unasikia tofauti. Ukibaki na shaka, kijiti cha kupimia sukari kinasaidia, kwa sababu maji ya mgongo yana sukari na maji ya chumvi hayana. Ila damu nayo ina sukari, kwa hiyo tone lenye rangi nyekundu halifai kwa kipimo hicho.

Tone linaloning'inia, njia ya Gutiérrez wa Argentina ya mwaka 1933, nitalipitia haraka. Unaweka tone la maji kwenye kitako cha sindano na kungoja lifyonzwe ndani. Linategemea presha hasi kwenye nafasi ya epidurali, na kwa mama aliye kwenye uchungu, kiunoni, presha hiyo mara nyingi si hasi. Kwa leba, liache.

Kuvuta, kuinua, kushusha

Katheta ikishaingia, ibaki na sentimita 4 hadi 5 ndani ya nafasi. Sindano ikipata nafasi kwenye sentimita 5, basi katheta inafungwa kwenye alama ya 9 au 10 usawa wa ngozi. Lakini usiibandike mama akiwa bado amejikunja. Utafiti wa 1997 ulionyesha kwamba mama anaponyooka au kulala ubavu, ngozi na mafuta ya mgongo vinasogea juu ya katheta, na kwa wanene zaidi inasogea sana. Mnyooshe kwanza, soma alama, ndipo ubandike plasta.

Kisha vuta taratibu kwa sirinji ndogo. Katheta zenye matundu kadhaa pembeni hufichua damu vizuri kuliko zenye tundu moja nchani, kwa hiyo unapoagiza vifaa, agiza za matundu mengi. Kuvuta ni bure na ni kwa sekunde chache, tena kabla ya kila dozi. Udhaifu wake ni kwamba mshipa mwembamba unaweza kunywea na kuziba matundu ukivuta kwa nguvu, ukaona pamekauka na kumbe umo ndani ya damu.

Kuinua na kushusha kunasahaulika, nami nakupenda. Katheta ikiwa imejaa maji na mdomo wake uko wazi, inue juu: safu ya maji inashuka yenyewe, mara nyingi ikicheza kidogo na pumzi ya mama. Ishushe chini ya usawa wa mgongo: damu au maji yakija kwa mvuto tu, umeshajua. Safu isiyoshuka kabisa inaashiria katheta iliyojikunja au iliyo nje ya nafasi. Ni ishara dhaifu, siwezi kuiegemea peke yake, lakini ni moja kati ya chache zinazoelekea upande wa "ipo" badala ya "haipo".

Dozi ya majaribio

Dozi iliyozoeleka ni mililita 3 za dawa ya ganzi ya lignokeini 1.5% yenye adrenalini 1:200,000. Hizo ni miligramu 45 za lignokeini na mikrogramu 15 za adrenalini, na kila moja ina swali lake. Lignokeini inauliza kuhusu maji ya mgongo: ikiwa imo humo, ndani ya dakika 3 hadi 5 makalio yanapata joto, miguu inakuwa mizito, presha inaanza kushuka. Adrenalini inauliza kuhusu damu: mapigo ya moyo yanapanda kwa 20 au zaidi ndani ya dakika moja hivi, na mama anasema moyo unamwenda mbio. Wakati mwingine lignokeini nayo inatoa ushahidi, masikio yanavuma au mdomoni panakuja ladha ya chuma.

Tatizo ni uchungu wenyewe. Maumivu ya tumbo yakikaza, mapigo yanapanda hata bila dawa yoyote. Ndiyo maana dozi hii inatolewa mara tu mkazo unapoachia, ukiwa na nafasi ya dakika moja au mbili kabla ya mwingine, na kipima oksijeni kikilia kwa sauti ili masikio yako yafuate mapigo huku macho yakimtazama mama. Mama anayetumia labetaloli, dawa ya kushusha presha, hapandishi mapigo kama wengine, kwa hiyo ukimya wake hauthibitishi kitu. Na kama ana presha ya ujauzito iliyo juu, adrenalini ikiingia kwenye mshipa inaweza kuipandisha zaidi. Kwa mama huyo siitumii.

Kuna hatari ya pili inayonitia wasiwasi kuliko hiyo: kuchanganya. Ampuli ya adrenalini tuliyonayo ni miligramu 1 kwa mililita 1. Ili upate 1:200,000 kwenye mililita 20 za lignokeini unahitaji mililita 0.1 tu, yaani alama ya 10 kwenye sirinji ya insulini ya uniti 100. Ukitumia lignokeini 2%, chukua mililita 15, ongeza mililita 5 za maji ya chumvi, utapata 1.5%. Ni hesabu nyepesi mchana, ila saa nane usiku, umeme umekatika na jenereta haijawaka, desimali inahama. Watu wawili wahakiki kwa sauti, na sirinji iandikwe. Chupa za lignokeini za dozi nyingi zenye kemikali ya kuhifadhia zisiingie mgongoni kabisa.

Mbadala wake ni kugeuza kila dozi iwe kipimo. Unatumia ganzi ya bupivakeini nyepesi, kwa mfano 0.1% yenye dawa ya maumivu ya fentanili mikrogramu 2 kwa kila mililita, unatoa mililita 5, unangoja dakika 5, unapima presha, unamwambia mama ainue mguu ulionyooka, ndipo unatoa 5 nyingine. Mililita 10 kwa mkupuo ni miligramu 10, kiasi kinachokaribia cha ganzi ya mgongo ya upasuaji; ikiingia kwenye maji ya mgongo yote kwa pamoja umempa mama ganzi nzito bila kujiandaa. Ukigawa, mguu unakuonya mapema. Na miligramu 5 zikiingia kwenye damu, kwa kawaida haziletei moyo sumu, ila mama hapati nafuu.

Hapo ndipo penye tofauti ya kuchagua. Adrenalini inakuambia habari za damu ndani ya dakika moja. Dozi nyepesi zilizogawanywa zinakuambia kwa kuchelewa, kupitia maumivu yasiyokwisha. Kwa leba inayoanza huduma, yenye katheta za matundu mengi, ningechagua dozi nyepesi zilizogawanywa kwa uchungu wa kawaida, na adrenalini niibakize kwa ule wakati mama anapelekwa tieta na unataka kumimina dawa nzito kwenye katheta ileile. Wakati huo kosa la mshipa linaweza kusimamisha moyo. Kwa njia yoyote utakayoshika, lipidi ya 20%, mafuta ya mshipani ya kutibu sumu ya ganzi, iwepo chumbani, si stoo. Dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo ya uzito. Leba isiyo nayo isianze epidurali.

Umeme, mawimbi na ultrasaundi

Mwaka 1998 Tsui na wenzake nchini Canada walionyesha kwamba katheta iliyojaa maji ya chumvi inaweza kupitisha umeme mdogo wa mashine ya kuchochea neva. Misuli ya mguu au ya tumbo ikiruka kati ya miliampea 1 na 10, katheta iko kwenye nafasi ya epidurali. Ikiruka chini ya 1, shuku kuwa umo ndani ya maji ya mgongo au umegusa neva. Isiporuka hata kwa 10, huenda uko nje. Hiki ni kipimo cha "ipo", na ndicho kinachonivutia kuliko vyote vya mashine. Kinahitaji mashine ya neva, kiunganishi maalumu na katheta inayopitisha umeme vizuri, na kifanyike kabla ganzi haijashika. Hospitali inayofanya ganzi za mikono na miguu kwa mashine ya neva tayari ina nusu ya vifaa.

Mawimbi ya presha yanafanana nacho kwa lengo. Unaunganisha katheta na kipima presha cha ndani ya mshipa, na kwenye monita unatafuta wimbi linalofuata mapigo ya moyo. Linatokea, uko ndani. Lakini linataka monita na nyaya za ICU, na linaleta hatari ya mtu kuchanganya mirija. Kati ya viwili hivi, kwa hospitali ya mkoa, ningeweka fedha kwenye umeme.

Ultrasaundi haithibitishi katheta. Nalisema hivyo kwa sababu wengi wanadhani inathibitisha. Inachofanya ni kupunguza makosa kabla sindano haijaingia: inaonyesha mstari wa katikati, nafasi kati ya mifupa, na kina. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2000 ulikuta wataalamu wa usingizi wakitaja kwa usahihi pingili waliyoigusa kwa mkono katika asilimia 29 tu ya mara walizopimwa, na mara nyingi walikuwa juu ya pale walipodhani. Probu ileile iliyopinda inayotazama mtoto tumboni ndiyo inayofaa kutazama mgongo. Basi kama wodi ya wazazi ina mashine, kwa mama mnene au mwenye mgongo uliopinda, omba dakika tano nayo.

Kuna pia sindano nyembamba kupitia ndani ya Tuohy. Ukiona maji ya mgongo yakitoka kwenye ile nyembamba, umejua sindano kubwa iko katikati na imeegemea dura, na huo ni ushahidi mzuri wa mahali. Ukiweka dawa humo, mama anapumzika ndani ya dakika chache, na katheta yako inabaki bila kujaribiwa kwa saa moja na zaidi. Kwa mama ambaye dalili za mtoto zinaonyesha huenda akaishia tieta, nataka kujua mapema kama katheta inafanya kazi. Kwake ningetoboa bila kuweka dawa, kisha nitumie katheta.

Barafu

Nimekiacha hiki nyuma kwa sababu kwangu ndicho kinachoamua. Dakika 20 baada ya dozi ya kwanza, chukua kidole cha glovu kilichojazwa maji yakaganda kwenye friza ya wodi (si friji ya chanjo, tafadhali), au pamba yenye spiriti. Anza begani ili mama ajue baridi kamili ikoje. Kisha paja la kulia, panda hadi tumboni, halafu kushoto. Kwa hatua ya kwanza ya uchungu unataka baridi ipotee kuanzia usawa wa kitovu kushuka hadi kinena, pande zote mbili. Vidole vya miguu vikiwa vimepata joto na kukauka jasho kabla ya hapo, ni dalili njema.

Kwa baridi ya huku juu, mama aliyekaa wazi akiwa ameinama kwa nusu saa ana ngozi ya barafu tayari, na majibu yake yatachanganya. Mfunike na kitenge au blanketi dakika kadhaa kwanza.

Na namna ya kuuliza ina uzito kuliko kifaa. Kina mama wetu wengi, awe wa Tukuyu, wa Kilolo au wa Ludewa, wamelelewa kwamba kwenye uzazi mtu anajikaza, na kwamba mtaalamu anajibiwa kwa heshima. Ukimuuliza, "Mama, umepata nafuu?" atakujibu, "Ndiyo, ahsante," huku ameuma kanga. Muulize swali lisilo na jibu la kukupendeza: "Mama, nionyeshe kwa kidole, baridi inaanzia wapi?" Mwachie kidole chake kitembee. Asiyekijua vizuri Kiswahili, mama mkwe au dada aliyekuja naye atafsiri swali lilivyo, asimjibie.

Baridi ikipotea upande mmoja tu, vuta katheta nyuma sentimita 1 hadi 2 bila kuitoa kwenye nafasi, ongeza dozi ndogo, pima tena. Ikipanda juu sana na kwa madoa, polepole, fikiria kwamba uko chini ya dura, uache kuongeza. Ikiwa dakika 30 hadi 40 zimepita na baridi iko palepale, itoe uiweke upya. Mtaalamu anayeendelea kuongeza dawa kwenye katheta iliyokufa anamchelewesha mama, na mama huyo akifika tieta atalazimika kupewa usingizi kamili kwa haraka.

Ukiwa na kidogo

Leba yenye kipima oksijeni, mashine ya BP na mikono: maji kwenye sirinji, kuvuta, kuinua na kushusha, dozi nyepesi zilizogawanywa, barafu dakika ya 20. Hivyo, pamoja na ile lipidi chumbani, vinatosha kuanza salama, mradi kuna mtu anayebaki na mama. Kikiongezeka kitu cha kwanza, kiwe ultrasaundi kabla ya sindano. Cha pili, kiunganishi cha umeme.

Na kila kitu kiandikwe kwenye faili: kina cha sindano, alama ya katheta kwenye ngozi, muda wa kila dozi, kimo cha baridi kulia na kushoto. Anayepokea shifti ya usiku azisome namba hizo, aitazame alama mgongoni, avute sirinji upya, ndipo aongeze dawa.